Chupa Kumi na Moja za Blanko

Mimi nilimkata baba wa watu kwa wembe. Nasema mapema ili mtu asije akanisoma mpaka katikati akidhani mimi ndiye mwema wa habari hii. Alikuwa baba wa karatasi, sawa, amechorwa katika kitabu cha watoto, amesimama mlangoni pake na shati la kijani. Lakini nilimkata, na waliokuwa mezani wakanisifu kwamba nimekata vizuri.

Miaka hiyo ya vita nilikuwa nafundisha watoto wadogo Gasenyi, wale wa miaka mitano, sita, ambao hawajaingia darasa la kwanza. Chumba chetu kilikuwa na madirisha mawili. Moja lilizibwa kwa matofali kwa sababu lilitazama mlimani, zilikotoka risasi, na aliyekaa Bujumbura wakati ule hahitaji kuelezwa ubaya wa dirisha linalotazama mlimani. Watoto walikuwa hamsini na kitu, mikeka minne, ubao mmoja. Kitabu hakuna. Picha nilizofundishia nilizibandua kwenye makaratasi ya sabuni na mikebe ya maziwa ya unga. Siku moja nikauliza, "Mama anafanya kazi gani nyumbani?" Darasa zima likajibu kwa sauti moja, "Anacheka na povu!" Kwa sababu mama waliyemzoea kwenye picha ni yule mzungu wa sabuni. Nilikasirika mpaka nikakaa chini.

Basi mkuu wa shule akaniita. Vitabu vya picha vimefika kutoka nje, katoni juu ya katoni, vimewekwa kwenye depo moja kule Zone Industrielle, mtaa wa viwanda. Havina maneno hata moja, ni picha tupu, na ni vya watoto wa umri wa wangu. Ila haviwezi kutoka depo mpaka komisheni ivitazame na kutia sahihi kwamba vinafaa darasani. Komisheni inataka mwalimu mmoja wa watoto wadogo, na mwalimu huyo ni mimi. Ikikataa, katoni zinapakiwa tena ziende nchi nyingine, kwa watoto wenye bahati ya kutokuwa na komisheni.

Nikafanya kosa ambalo kila mwalimu analijua. Niliwaambia watoto, "Kitabu kinakuja." Mtoto wa miaka mitano ukimwambia kitu kinakuja umejifunga kamba mwenyewe. Kila asubuhi, kabla sijaweka mkoba chini, wananizunguka: "Madamu, kitabu imefika?" Bado. "Madamu, leo?" Bado, nimesema bado, kaeni!

Msichana mmoja hakuwa akipiga kelele na wenzake. Alikaa karibu na mlango, kwa kupenda kwake, hata mvua ikimrushia. Baba yake alikuwa akibeba magunia huko huko Zone Industrielle. Asubuhi moja alikwenda kazini, siku hiyo njia zikafungwa, na jioni hakurudi, wala kesho yake, wala mwezi uliofuata. Mama yake alimwambia papa amekwenda misheni, safari ya kazi. Miaka ile kila asiyeonekana alikuwa misheni, ungedhani nusu ya mji imepewa kazi ya serikali. Mtoto huyo akasikia nikitaja Zone Industrielle, akaja akanivuta sketi. "Madamu, kitabu inatoka kule papa iko?"

Nikasema ndiyo, inatoka kule.

Akarudi kukaa, akatazama mlango. Tangu siku hiyo nilikwenda kwenye komisheni kwa ajili ya watoto wote, ndivyo nilivyoandika kwenye karatasi ya kuomba ruhusa. Lakini kwa kweli nilikuwa nakwenda kwa ajili ya huyo wa mlangoni.

Komisheni ilikaa Mutanga Sud, kwenye sebule ya nyumba ambayo mwenyewe ameihama nchi na kuacha makochi yamefunikwa mashuka. Tulikuwa wanne. Prezida wetu alikuwa mkaguzi wa shule mstaafu, mwembamba, kalamu nne mfukoni na rula ya chuma ambayo hakuiachia hata akinywa chai. Wa pili alikuwa mtawa aliyefundisha dini na ushonaji, tukimwita Masera, mpole, na upole wake ndio ulionitisha. Wa tatu alikuwa Muze wa duka. Babu yake alitoka Omani, na familia yao ilikuwa na duka la karatasi na vifaa vya ofisi mjini tangu kabla wazazi wangu hawajazaliwa. Yeye alikuja kama mwakilishi wa wazazi, ingawa mtoto wake wa mwisho alikuwa na ndevu kumzidi. Wa nne mimi.

Kikao cha kwanza kizima kilikwisha tukiamua tuzungumze lugha gani. Kifaransa tukakiachia raporo, ripoti yetu ya mwisho. Kirundi, Prezida alisema, mtu akikitamka sana utajua anatoka mlima gani, na hapa hatutaki kujua. Tukabaki na Kiswahili, ambacho mjini kwetu ni cha kila mtu na hakimshitaki mtu. Masera akafunga kwa sala, Muze akaitikia amina yake, tukarudi nyumbani. Penye wazee hapaharibiki neno, nilijiambia. Masikini mimi.

Kitabu chenyewe kilikuwa kizuri. Nasema kilikuwa kizuri! Asubuhi, nyumba, mama anapika kwenye mafiga, bibi anapepeta maharage, watoto wanacheza, baba yuko mlangoni na jembe begani. Ukigeuza, mbuzi wao amekata kamba. Halafu wote wanamtafuta: kwa jirani, kisimani, kwenye migomba, sokoni. Mwisho mbuzi anapatikana nyuma ya nyumba yao wenyewe anakula shuka, na wote wanakaa kula. Mtoto yeyote angeelewa. Nilikigeuza mara mbili nikaona hapa kazi ni ya nusu saa, tutie sahihi tuondoke.

Prezida akainua rula. "Bon. Hii kitabu isikasirishe mutu. Hata mutu mumoja. Tunasikilizana?"

Tukaitikia wote kwamba tunasikilizana. Hapo ndipo tulipopotea, si mbuzi.

Masera akavaa miwani, akainamia ukurasa wa kwanza, akasema taratibu, "Hii pua ya papa."

Chai ikapoa. Miaka ile watu walikuwa wakiuawa kwa sababu ya pua, eti pua inataja kabila, na kwa sababu hiyo hiyo hakuna mtu mwenye adabu aliyeitaja pua. Prezida akakohoa. "Iko namna gani, Masera?"

"Iko... iko pua."

"Naiona. Lakini iko ndefu ao?"

"Mi sikusema ndefu, Prezida. We ndiyo umesema."

Prezida akatoka jasho. Akaona heri apime mtu mzima kuliko kubishana juu ya pua. Akaweka rula juu ya baba: sentimita saba na nusu. Mama: tano. Jirani aliyekuwa akipita njiani: nne. Akaandika zote. "Mbona jirani iko mufupi hivi?"

"Iko mbali, Prezida," nikamwambia. "Mtu akiwa mbali anachorwa mdogo. Hata wewe ukiwa kule barabarani nakuona kidole."

"Mwalimu, apana. Watu hawatapima barabara. Watapima mutu."

Tukakaa na tatizo la jirani saa nzima. Tukimrefusha, itaonekana tumemrefusha. Tukimfupisha baba, itaonekana tumemfupisha nani? Ndipo Muze wa duka, ambaye muda wote alikuwa akikiangalia kitabu kwa nyuma ajue kimeshonwa au kimegundishwa, akaingiza mkono kwenye begi lake akatoa kichupa. Ilikuwa blanko, ile dawa nyeupe ya kufutia makosa ya taipureta, yenye kiburashi kwenye kifuniko. "Hii inafuta kosa yoyote," akasema. Akaifungua, akamfuta jirani. Mara mbili tatu, jirani hayupo, njia imebaki nyeupe.

Mungu wangu, tulivyopumua! Tatizo la saa nzima limeisha kwa kiburashi. Prezida akatabasamu mara ya kwanza tangu tukutane.

Kuanzia hapo ukurasa haukupona. Ng'ombe aliyekuwa akilisha nyuma ya migomba akafutwa, maana mtu atauliza ng'ombe ni ya nani. Jembe likafutwa, maana aliyefutiwa ng'ombe atauliza mbona jembe limebaki. Mtoto mmoja alikuwa ameinua mkono akiita mbuzi. Prezida akahesabu vidole, akasema vidole vile vinafanana na salamu ya chama fulani, akafutwa mkono, halafu akafutwa mwenyewe kwa sababu mtoto bila mkono ni jambo baya zaidi. Sketi nyekundu ikafutwa. Jogoo akafutwa kwa sababu Prezida alikumbuka bendera, hakusema ipi. Sokoni walikuwa watu ishirini. Masera akasema watu ishirini mahali pamoja ni mkutano, na mkutano unataka ruhusa. Soko lote likawa jeupe, zikabaki nyanya.

Kitu kimoja Muze alikilinda. "Mbuzi musiguse," alisema, kila tukigeuza ukurasa. "Mbuzi haina chama. Mbuzi tunakula sisi wote." Na kweli, mbuzi tulimwacha.

Mtu ataniuliza, wewe mwalimu ulikuwa wapi? Nilikuwa nimeshika kiburashi. Mkono wangu ndio uliokuwa hodari wa kupaka bila kuvuka mstari, kazi ya watoto wadogo inafundisha hayo. Na kila aliyefutwa nilikuwa najiambia sahihi imesogea. Mama nilimpaka mimi. Nilianza miguuni nikapanda juu, na nilipofika machoni nilipaka haraka haraka. Mdomo nilikuwa nao, ningeweza kusema hapana. Niliona haya baadaye, si wakati ule. Wakati ule nilifikiria katoni.

Nchi ilikuwa imewekewa vikwazo na nchi jirani, mafuta hayapatikani, chumvi shida, lakini Muze alikuwa na akiba ya blanko. Kila kikao alikuja na chupa mbili, tatu. Ya kumi na moja ilikuwa ya mwisho, akatuapia kwa jina la Mungu kwamba mji mzima hakuna nyingine. Nayo ikaisha tukiwa kwa baba. Tulikuwa tumemwacha yeye mwisho kwa sababu ya ile pua, hakuna aliyetaka kuanza naye. Nikapaka miguu, nikapaka magoti, burashi likakauka. Akabaki baba nusu, kiunoni kwenda juu, amesimama mlangoni na shati lake la kijani anatutazama.

"Wembe," akasema Prezida.

Nikakata. Nilifuata bega, shingo, sikio, nikarudi upande wa pili. Akatoka bila kuchanika, mdogo, mwepesi. Prezida hakupenda kitu kitupwe, kazi ya ofisi ni ofisi, akaagiza mkato utiwe bahasha na kuandikwa "Kiambatisho namba moja", na mimi niutunze mpaka raporo itakapotiwa sahihi. Nikautia mkobani, pamoja na kitana na vipande vya chaki. Ndipo wakanisifu.

Masera akageuza ukurasa akashika mdomo. Karatasi ina pande mbili, jamani! Upande wa pili wa baba palikuwa na mbuzi anakata kamba. Kiwiliwili kipo, miguu ipo, kamba ipo. Kichwa kimekwenda na baba.

Muze akasimama. Sijawahi kumwona mzee yule amesimama kwa hasira. "Mumekata mbuzi bila bismillahi!"

"Muze, iko karatasi," akasema Prezida.

"Karatasi ao nyama, bila bismillahi imekufa bure. Mi sitii sahihi kwa nyamafu."

Ilibidi tumtulize kwa chai na maneno ya heshima. Mbuzi asiye na kichwa asingeweza kwenda kwa watoto, sote tulikubaliana, na blanko hakuna. Nikatoa chaki mkobani, nikailowesha kwenye kisosi, nikampaka mbuzi kila ukurasa. Sasa kitabu cha mbuzi aliyepotea hakikuwa na mbuzi. Prezida akakigeuza mwanzo hadi mwisho, akasema kwa utulivu, "Vwala. Sasa amepotea kabisa." Akaandika kwenye raporo: watu, hakuna, wanyama, hakuna, hatari, hakuna. Shule zote zipelekewe kitabu zikifute namna hii hii. Blanko itoke wapi, hilo hakuliandika.

Ilibaki jambo moja kabla ya sahihi, nalo ni kukijaribu darasani. Nilipewa nakala ile ile na fomu yenye maswali. Je, mtoto anatambua kilichomo katika picha? Je, picha zinafanana na maisha ya mtoto? Je, mtoto anaweza kusimulia? Na Prezida akanikumbusha kwamba nakala ni mali ya komisheni, irudi ilivyokwenda.

Nilipoingia darasani na kitabu mkononi, zilipigwa kelele mpaka mwenzangu wa chumba cha pili akaja mbio akidhani kuna jambo. Niliwapanga nusu duara. Yule wa mlangoni akasogea mbele, mara ya kwanza. Nikafungua ukurasa wa kwanza, nikakishika juu wakione.

Nyumba. Mlango wazi. Sufuria kwenye mafiga, moto unawaka. Ungo wa maharage chini. Kandambili moja. Mtu hakuna.

Nikauliza swali la kwanza kama lilivyoandikwa. "Mnaona nini?"

Mvulana mmoja akasema kama mtu anayeulizwa mbili na mbili, "Wamekimbia."

"Ego, ndiyo, wamekimbia!" wakaitikia. Na hapo hapo darasa langu, ambalo kwa miezi sita sikuweza kulitoa zaidi ya mama anacheka na povu, likaanza kusimulia. Walisikia masasi, milio ya risasi, wakati maharage hayajaiva. Mama alisema acheni sufuria. Bibi alikuwa hawezi kukimbia, wakambeba, kandambili yake ikaanguka. Walipita wapi? Nikageuza. Njia nyeupe. "Walipita hapa, kimya kimya, ndiyo maana hatuwaoni." Soko? Soko limefungwa, watu wamekimbia wakaacha nyanya. Mbuzi? Iko kamba. "Mbuzi walimwacha, angepiga kelele, wangesikia." Kila mmoja alikuwa na la kuongeza, wanasukumana, wanakatizana, wanajua.

Nilikuwa na fomu mkononi. Je, mtoto anaweza kusimulia? Kabisa. Je, picha zinafanana na maisha ya mtoto? Nilitaka kuichana. Wazee wazima wanne tumekaa wiki tatu Mutanga Sud tunafuta vita kwenye kitabu cha mbuzi, na tulichowaletea watoto ni vita yenyewe, imepakwa vizuri bila kuvuka mstari. Nilitamani kulia mbele yao.

Sijui ni nani aliyeanza. Nilisikia tu kucha inakwaruza. Blanko ikikauka inamenyuka, na mtoto akiona kitu kinachomenyuka huna la kumwambia.

"Madamu! Iko jicho hapa!"

"Wapi?"

"Hapa! Iko mutu! Wamejificha!"

Yampaye inka, kama tusemavyo tukishangaa, darasa lilivyoruka! Hawakukimbia, wamejificha! Wakajazana juu ya kitabu, kucha kumi, kucha ishirini. Mali ya komisheni, mali ya komisheni, nilijua, nilikuwa hata na fimbo. Nikaiweka fimbo chini nikakwaruza na mimi, maana kucha zangu zilikuwa ndefu kuliko zao. Mama akatoka, nywele kwanza, kisha macho yale niliyoyapaka haraka. "Amahoro, mama!" wakamsalimu. Bibi akatoka. "Amahoro, bibi!" Mtoto akatoka na mkono wake juu, jirani akatoka, na wa sokoni mmoja mmoja, na kila anayetoka anasalimiwa. Chaki ya mbuzi ilifutika kwa kiganja tu. Wakaona hana kichwa, wakasema kimejificha zaidi, kitatoka.

Yule wa mlangoni hakuwa akikwaruza. Alikuwa ameweka kidole chake kwenye tundu la ukurasa wa kwanza, pale mlangoni, kikatokea upande wa pili.

"Huyu hakujificha," akasema. "Huyu wamemutoa."

Wenzake wakakwaruza ukingo wa tundu. Hakuna kitu. Wa mlangoni akainua uso akaniuliza, "Iko misheni?"

Nikachukua mkoba, nikatoa bahasha ya kiambatisho namba moja, nikamtoa baba. Mmoja alikuwa na kipande cha ugali wa muhogo cha jana kimefungwa kwenye jani, nikaomba kidogo, nikapaka kingo, nikambandika mahali pake. Nikabonyeza kwa kidole gumba. Tukageuza, na mbuzi naye alikuwa amepata kichwa chake. Kelele nilizosikia siku ile sijazisikia tena, hata siku waliyotangaza amani. Yule wa mlangoni hakupiga kelele. Alimtazama yule baba, kisha akautazama mkoba wangu. Sikutia maanani.

Siku ya komisheni nilikiweka kitabu mezani kikiwa kimekwaruzwa, kina mafuta ya mikono, kinanukia muhogo. Prezida akakifungua. Akasogeza miwani.

"Nani ametoa ruhusa huyu mutu arudi?"

"Watoto, Prezida."

"Komisheni ilimutoa kwa raporo."

"Basi njoo Gasenyi," nikamwambia, na sauti ilikuwa imepanda, siku hizo nilikuwa na miaka thelathini na hasira za mia. "Njoo uwaambie kwa mdomo wako wewe kwamba yule baba harudi. Iko mmoja pale anakaa mlangoni. Mwambie yeye kwanza. Mi siendi tena!"

Masera akatazama mikono yake. Prezida akafungua, akafunga, akafungua. Aliponiuliza, aliuliza polepole sana. "Walisema nini juu ya pua?"

"Hawakuona pua. Walikuwa wanahesabu kama wote wametimia."

Alizipanga kalamu zake nne mezani, moja moja, mpaka nikajuta kupayuka, nikaona katoni zinapakiwa kwenda kwa watoto wa watu wengine. Muze wa duka ndiye aliyeokoa. Alikuwa amegeuza ukurasa, amekuta mbuzi mzima mwenye kichwa, akamsugua kwa kidole kuhakikisha. "Mi natia sahihi," akasema. "Na blanko imekwisha. Mutafuta na nini? Mate?"

Prezida akakamata hilo neno kwa mikono miwili. Ndivyo alivyoandika, niliona kwa macho yangu: kwa kuwa vifaa vya marekebisho havipatikani nchini, komisheni inalazimika kupokea kitabu jinsi kilivyo. Akatia sahihi, akapiga muhuri. Masera akatia, na mimi. Kiambatisho namba moja kilikosekana, hakuna aliyekiuliza.

Vitabu vikaja Gasenyi kwa gari dogo kutoka depo, vipya, vinang'aa, watu wote ndani, mbuzi na kichwa chake. Nilivigawa, kimoja kwa watoto watano. Nilitarajia kelele. Badala yake nikasikia kucha. Wote wameinama, wanakwaruza: ukuta wa nyumba, mbingu, njia, popote palipokuwa peupe. "Madamu, hawa ni wachache," mmoja akaniambia. "Wengine bado wamejificha." Niliwaacha wakwaruze, sikuwa na nguvu za kuwakataza.

Yule wa mlangoni alitazama kila ukurasa, wa kwanza hadi wa mwisho. Kisha akakiacha kitabu kwa wenzake, akaja mezani kwangu, akasimama mbele ya mkoba.

"Madamu, fungua."

"Unataka nini, mama?"

"Papa wa kwetu. Fungua nitazame."

Nikamfungulia. Alichungulia, akaingiza mkono mpaka chini, akapapasa pembe zote. Akatoa kitana, akakirudisha. Akatoa kipande cha chaki, akakirudisha. Akaufunga mkoba yeye mwenyewe, vizuri, kama ulivyokuwa.

"Bado," akaniambia, akaenda kukaa karibu na mlango.